Nani kamsikia kwanza? Msaada wa nje kwenye mashindano ya redio

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Poa. Leo naongelea msaada wa nje kwenye mashindano ya redio ya ridhaa, yale ya kuongea na stesheni nyingi kadiri unavyoweza, na nitashika shindano moja tu, CQ World Wide la Morse, lile la wikiendi kamili ya mwisho wa Novemba, maana ndo lililonipa aibu. Kwetu Afrika Mashariki linaanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, masaa 48, unabadilishana ripoti ya usikivu na namba ya zoni, yaani eneo lako la dunia, sisi na Kenya tuko zoni 37.

Sasa mwaka mmoja nimeingia kundi la mtu mmoja asiyesaidiwa. Jumapili jioni nimechoka, macho mekundu, simu iko mezani pembeni ya ufunguo wa Morse, ikawaka. Meseji ya rafiki yangu: "Alaska yuko 21.027, wahi!" Hiyo namba ni frikwensi. Na mimi mkono ulishazungusha kabla akili haijaamka, nikampata, pointi 3, halafu zoni mpya, ile namba 1, na nchi mpya kwa mpigo, maana kwenye shindano Alaska inahesabiwa peke yake. Nikashangilia peke yangu kama kichaa. Dakika mbili baadaye ndo nikakaa chini nikajiuliza, huyu Alaska nani kamsikia?

Hapo ndo penyewe. Watu wanadhani msaada ni mashine au intaneti, hapana, msaada ni mtu au kitu chochote kinachokutambulishia stesheni, iwe kwa kolsaini, yaani jina lake la hewani, au kwa nchi au zoni yake, pamoja na frikwensi yake. Mama watoto akikuletea chai saa kumi usiku hajakusaidia kwa maana hiyo, jirani akikushikia ngazi ufunge antena naye hajakusaidia, ila yule rafiki na meseji yake ya maneno manne kanisaidia, na kwamba sikumwomba haibadilishi kitu.

Klasta hiyo haina mjadala, ni mtandao ambapo watu duniani kote wanaandikiana nani yuko frikwensi gani. Panapochanganya ni CW Skimmer. Hii programu ilipotoka 2008 watu waligombana kweli, sababu hoja yao ilikuwa nzuri: kompyuta yangu, antena yangu, hakuna binadamu mwingine, msaada wa nje unatoka wapi? Lakini angalia inachofanya. Inasikiliza kipande kizima cha bendi, yaani kundi la frikwensi, kwa wakati mmoja, inasoma Morse za stesheni chungu nzima, inakuandikia kwenye skrini huyu ni fulani yuko hapa, yule ni fulani yuko pale. Wewe kazi yako imebaki kuklik. Ndo maana sheria ikaiweka kapu moja na klasta. Ila ile skrini inayoonyesha mistari ya mawimbi bila majina ruksa, maana unaona kuna mtu pale lakini ni nani, lazima uende na sikio lako.

Na jamani, kusaidiwa sio wizi, kundi lake lipo na lina ushindani mkali tu, wizi ni kusaidiwa halafu unatuma logi, yaani orodha ya uliowapata, kama hukusaidiwa. Waandaaji wanazo spoti zote za klasta, yaani zile taarifa za nani yuko wapi, na dakika zake, wakikuona unaruka bendi kila spoti inapotoka tu, watakuuliza. Mimi nilikuwa na siku 5 za kutuma logi, nikatuma kwenye kundi la wanaosaidiwa, kwa ajili ya Alaska mmoja! Iliniuma, sifichi.

Nani kanyoosha mkono... eti ukisikiliza kupitia WebSDR, ile risiva ya intaneti, ya chuo cha Twente kule Uholanzi? Hahaha. Mzee wangu, hiyo hata kundi la wanaosaidiwa hawakupokei, transmita na risiva zote lazima ziwe ndani ya duara la kipenyo cha mita 500, na kutoka hapa mpaka Uholanzi, pima mwenyewe.