Risasi Yenye Kanzu ya Karatasi

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuvumilia jam na kufika. Kabla sijasema lolote, pitisheni hiki kitu mkono kwa mkono. Msiogope. Hakina baruti wala fataki, na ganda lake nimelitoboa ubavuni makusudi, ili asitokee mtu akanipeleka kituoni kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114.

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Nina meza, mkasi, gundi ya unga na presi ya chuma, vyote ndani ya chumba kimoja karibu na River Road. Bunduki sikuzijua. Basi alipokuja mwalimu mmoja kuniomba nimtengenezee mifano ya risasi za karne ya 19 kwa maonyesho ya historia shuleni, nilimwambia amekosea mlango. Akatoa picha. Nikaona risasi ya madini, nene kama kidole, imevishwa karatasi nyeupe kuanzia mabegani hadi chini, utadhani mzee aliyevaa kanzu ya Idi. Nikamvutia kiti.

Ile mnayoishika ni mfano wa risasi ya Martini-Henry, bunduki ambayo jeshi la Uingereza liliichukua mwaka 1871. Mtambo wake wa kufungia ulibuniwa na Friedrich von Martini huko Uswisi, na mtutu ukatokana na kazi ya Alexander Henry wa Edinburgh. Ndani ya mtutu kuna mifuo saba, yaani vijifereji, inayozunguka, mzunguko mmoja kamili kila inchi 22. Risasi yenyewe ina gramu 31, sehemu 12 za madini ya risasi kwa sehemu moja ya bati. Kiswahili hapa kimetupa raha, maana madini na kitu kinachoruka tumeviita jina moja. Na ule ukungu wa kumiminia madini, mafundi wa pwani wanauita kalibu. Neno hilo ni la Kiarabu, na wengi wanaochunguza asili za maneno wanasema ndilo hilohilo lililovuka bahari hadi Ulaya likageuka kuwa kipimo cha upana wa mtutu. Kwa hiyo Mzungu anapotaja kaliba ya bunduki, anatulipa deni bila kujua.

Sasa, karatasi ya nini? Madini ya risasi ni laini. Ukiyasukuma kwa kasi ndani ya chuma yenye mifuo, yanajipaka humo kama siagi kwenye mkate. Ukifyatua mara kadhaa mifuo imeziba, na risasi inatoka ikiyumba, haijui iendako. Karatasi inakaa katikati. Baruti inapolipuka, risasi inavimba kidogo kutoka nyuma, inaibana karatasi kwenye mifuo, na mifuo inaishika karatasi na kuizungusha pamoja na risasi. Ikifika mdomoni ina kasi ya kama mita 410 kwa sekunde. Pigeni hesabu: mzunguko mmoja kila inchi 22 kwa kasi hiyo ni zaidi ya mizunguko 700 kwa sekunde moja. Karatasi gani itavumilia hapo? Inachanika na kutawanyika kama vikaratasi vya harusi, risasi inaendelea uchi. Hiyo ndiyo kazi yake yote, kudumu urefu wa mtutu halafu iondoke.

Nilidhani itanichukua siku mbili. Nilichukua karatasi ya fotokopi, ile ya A4 ya kila duka, nikakata, nikaviringisha. Fundi wa leth kule Kamukunji, aliyenichongea risasi za mti za kufanyia mazoezi, akaipima kwa maikromita yake, akacheka. Imekuwa nene mno. Nikamwambia, lakini nimezungusha mara mbili tu, kama maelezo yanavyotaka. Akanijibu, "Mzee, ukizungusha mara mbili, upande huu umeongeza mbili na upande ule mbili. Hizo ni nne." Karatasi ya fotokopi ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo nilikuwa nimeongeza milimita 0.4. Ya asili ilikuwa karibu nusu ya unene huo. Miaka yote hii napima migongo ya vitabu, na kijana wa jua kali ananifundisha kuhesabu.

Unene haukuwa tatizo pekee. Karatasi ya leo ni ya miti iliyosagwa, nyuzi zake fupi. Ukiilowesha na kuivuta, inakatika. Ile ya zamani ilitokana na matambara ya pamba na kitani, nyuzi ndefu, ukiilowesha inanyumbuka kama ngozi. Nilihangaika hadi nikapata Gikomba daftari moja la hesabu la zamani, kurasa za mwisho hazijaandikwa. Kuchana daftari lile kuliniuma, nakiri. Nilichukua kurasa tupu tu, zilizobaki nimezijalidi upya.

Njia yenyewe ni hii. Unakata kipande chenye ncha za mshazari. Unakilowesha maji matupu. Unakilaza, unaweka risasi, unaviringisha ukivuta kidogo, mara mbili kamili, na mwisho lazima ukutane na mwanzo bila kupandana wala kuachana. Mkia unaobaki chini unaukunja na kuubana kwenye kishimo cha kitako cha risasi. Halafu unaacha ikauke. Ikikauka inasinyaa, inakaza kama ngozi ya ngoma. Mwezi wa saba hapa Nairobi haikauki upesi. Nilipoteza kundi zima kwa kukosa subira, nikaziweka karibu na jiko, karatasi ikapasuka mshono mzima.

Aliyenikomboa ni mama anayeuza sambusa ngazi za chini. Alipanda kuniletea chai, akasimama akinitazama nikiharibu ya 20 au zaidi, akaniambia sikazi mwanzo, ndiyo maana mwisho unalegea. Akaketi. Vidole vilivyokunja manda maisha yote havihitaji rula. Zile 12 zilizo kwenye kisanduku pale mbele, tisa ni zake.

Sikushangaa sana, kwa sababu kazi hii haikuwa ya mainjinia hata zamani. Huko Woolwich, kwenye karakana za jeshi la Uingereza, watoto wa kiume waliajiriwa kuviringisha karatasi za risasi. Na karatasi hiyo imewahi kuwasha nchi. Kabla ya Martini, bunduki ya Enfield ya 1853 ilitumia furushi la karatasi lenye baruti na risasi pamoja, limepakwa mafuta, na askari alilichana kwa meno. Wazee wa pwani waliliita kiasi cha bunduki, jina zuri maana baruti ilikuwa imepimwa humo tayari. India ikavuma habari kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na nguruwe, mwiko kwa Wahindu na haramu kwa Waislamu. Huko Meerut, askari 85 walikataa kugusa, wakafungwa pingu mbele ya wenzao tarehe 9 Mei 1857. Kesho yake uasi ukalipuka.

Kanzu ya karatasi ilivuliwa pale Eduard Rubin wa Uswisi alipotengeneza risasi iliyovikwa shaba badala ya karatasi, mwaka 1882, na Wafaransa walipoleta baruti isiyo na moshi, mwaka 1886. Lakini bunduki kuukuu hazikwenda kaburini. Novemba 1914 kule Tanga, askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871, iliyoundwa kwa risasi ya karatasi na baruti nyeusi. Kila aliyefyatua alitoa wingu la moshi lililoonyesha alipojificha. Na bado waliwashinda Waingereza.

Swali huwa ni hili: hizi zako ni za madini kweli? Tatu tu, zilizomiminwa nje, uwanjani, na mtu mwenye barakoa. Waliosikia yaliyowapata watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliodhurika kwa sumu ya madini haya kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, wanajua kwa nini siyeyushi risasi ndani ya chumba. Zilizobaki ni za mti, na karatasi haijui tofauti.

Pale mezani kuna bakuli la maji na vipande vilivyokatwa tayari. Anayetaka kujaribu aje, lakini anawe mikono kwanza, mafuta ya chipsi hayafai. Na akaze mwanzo.