Kangomba ya Angani

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo! Nimeombwa niongelee namna ya kumlea mhandisi wa mifumo ambaye ndiyo kwanza katoka chuo na anataka kazi za setilaiti. Kwa kuwa tuko Mtwara, nitaanzia kwenye korosho.

Nani humu hajui kangomba? (Kicheko.) Mlanguzi anakupimia korosho zako kwa bakuli, unaambiwa hiyo kilo, ukija kupita kwenye mizani ya chama cha ushirika unagundua umeshaliwa. Sasa, tarehe 23 Septemba 1999 NASA nao walipigwa kangomba, tena wakajipiga wenyewe. Chombo chao, Mars Climate Orbiter, kilikuwa safarini miezi tisa. Programu ya upande mmoja ilitoa hesabu za msukumo kwa ratli, upande wa pili ukazisoma kama nyutoni, kipimo kingine cha nguvu. Ratli moja ya msukumo ni karibu nyutoni 4.45. Kilichopangwa kupita kilomita kama 226 juu ya sayari ya Mirihi (Mars) kikapita kwenye 57 hivi, ndani ya hewa yake, kikapotea.

Wataalamu walikuwepo pande zote. Kosa lilikaa mpakani, kazi ya huyu inapokabidhiwa kwa yule, na huko ndiko mhandisi wa mifumo anakolima.

Mimi nilijifunza kwa pua. Nikiwa mgeni kazini nilichora soketi ya betri nikiitazama kwa mbele. Mwenzangu akaitengeneza akiitazama kwa nyuma. Tulipochomeka, pini ya kwanza ikawa ya mwisho. Moshi mwembamba ukapanda, tukabaki tunatazamana. Hadi leo kila mchoro wangu una neno pembeni: mbele, au nyuma.

Kwa hiyo kijana mpya simwanzishi na vitabu. Nampa kisanduku hiki (anakiinua), sentimita 10 kila upande, setilaiti ndogo ya wanafunzi. Betri ina mwenyewe, redio ina mwenyewe. Azunguke kwao na maswali ya kijinga: unampa nani kitu gani, kwa kipimo gani, asipokipata inakuwaje? Aandike, na pande zote mbili zitie sahihi.

Kuandika kuna sababu. Waongoza njia wa kile chombo cha NASA waliona mapema kwamba hesabu haziendi sawa. Wakasemezana, lakini utaratibu rasmi wa kuripoti hitilafu haukufuatwa. Na vijana wetu tumewalea wasimkosoe mkubwa! Ndiyo maana kwenye vikao vyangu mdogo kuliko wote ndiye anafungua, fundi mkuu anasema mwisho. Mwanzoni hunyamaza dakika nzima. Nangoja.

Haya, maswali. Nani mdogo kuliko wote humu?