Kadre ya mtu mrefu: pima mguu kwanza, kibandiko baadaye

NUMBI: Karibuni tena kwenye kipindi, hapa Lubumbashi. Leo ni zamu ya warefu, mtu wa mita 1.90 kwenda juu anayetafuta baiskeli ya mbio. Hao ndio wanaouziwa vibaya kuliko wote, kwa sababu kadre, yaani fremu, kubwa ni chache na muuzaji huwaambia: "Tutapandisha kiti, itakutosha."

ILUNGA: Na kiti kinapanda kweli. Numbi, tuanze na mfano. Mtu ana mita 1.94. Amefika pale wanapofungua mizigo ya mtumba kutoka Ulaya, ameona kadre mbili za kisasa. Moja imeandikwa saizi 58, nyingine 61. Achukue ipi?

NUMBI: Asichukue kitu kwanza. Urefu wa mtu peke yake hautoshi. Watu wawili wanaweza kuwa na mita 1.94 wote, mmoja mguu wake ukawa sentimeta 89, wa mwingine 95. Wa kwanza ana kiwiliwili kirefu, anahitaji nafasi mbele. Wa pili urefu wake uko miguuni, anahitaji gidoni, yaani usukani, iwe juu. Kadre moja haiwatoshi wote wawili.

ILUNGA: Mguu unapimwa kwa ndani?

NUMBI: Kwa ndani, kutoka sakafuni hadi mfupa wa katikati ya mapaja. Vua viatu. Simama mgongo na visigino vikigusa ukuta, nyayo ziachane sentimeta 15 hivi. Chukua nivo ya fundi mwashi, au kitabu chenye jalada gumu, ukipandishe katikati ya mapaja, ukingo mmoja ukibaki umelala ukutani ili kisiende upande. Kisha ukisukume juu kwa nguvu ileile ambayo kiti kingekusukuma ukikikalia. Hapo ndipo vipimo vingi vinaharibika: mtu anaona haya, anakiacha kitabu kining'inie, anapoteza sentimeta mbili. Mwenzako atie alama ukutani. Pima mara tatu. Zikipishana zaidi ya nusu sentimeta, pima tena.

ILUNGA: Na namba iliyoandikwa ndani ya suruali?

NUMBI: Hiyo iache kwa mshonaji. Mshono wa suruali uko chini ya mfupa na pindo halifiki sakafuni.

ILUNGA: Sawa. Tumpe mtu wetu mguu wa sentimeta 94.

NUMBI: Zidisha 94 kwa 0.883, unapata 83. Huo ni urefu wa kiti, kutoka katikati ya pedaliye, ule mhimili unaozungushwa na pedali, hadi juu ya kiti, ukifuata bomba la kiti. Hesabu hii inahusishwa na Cyrille Guimard, kocha Mfaransa, na Greg LeMond, yule Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Ni mahali pa kuanzia tu. Ukivaa viatu vya kubana kwenye pedali, vyenye soli nyembamba, utashuka milimita chache. Nyonga zikiyumba kushoto na kulia unapokanyaga, kiti kiko juu mno. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiko chini. Likiuma kwa nyuma, kiko juu. Sogeza milimita tatu tatu, si sentimeta nzima.

ILUNGA: Na kadre yenyewe?

NUMBI: Kwa kadre za zamani, zile za chuma ambazo bomba la juu limelala sawa, zidisha mguu kwa 0.65 hadi 0.67. Mtu wetu anapata 61 hadi 63. Hiyo inapimwa kutoka katikati ya pedaliye hadi katikati ya bomba la juu. Wengine walipima hadi ncha ya bomba la kiti, kwa hiyo 63 ya mmoja ni karibu 61 na nusu ya mwenzake. Usiulize namba, weka mita mwenyewe.

ILUNGA: Basi ile ya 58 imetoka.

NUMBI: Ingekuwa ya zamani, ingetoka bila mjadala. Lakini ulisema za kisasa. Bomba la juu la kadre za sasa linateremka kuelekea kiti, kwa hiyo bomba la kiti ni fupi. Unaweza kupima kadre iliyoandikwa 61 ukakuta 56. Namba ya kibandiko imebaki kuwa jina, na wapo wanaoandika XL tu.

ILUNGA: Sasa mnunuzi ashike nini?

NUMBI: Ashike vipimo viwili ambavyo kibandiko hakiwezi kudanganya: staki na richi. Staki ni kimo cha kadre, kutoka usawa wa katikati ya pedaliye kupanda wima hadi ncha ya juu ya bomba la kichwa, pale gidoni inapoingilia. Richi ni umbali wa kwenda mbele kati ya nukta hizo mbili, ukipima kwa mstari uliolala. Mtengenezaji huziweka kwenye jedwali lake, lakini kwa mtumba wa sokoni jedwali halipo, unapima mwenyewe.

ILUNGA: Kwa vifaa gani?

NUMBI: Mita ya chuma na kipande cha chaki. Jaza upepo magurudumu yote mawili, tafuta sakafu iliyo sawa kweli, simamisha baiskeli wima, gurudumu la nyuma liguse ukuta. Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya pedaliye, tuseme milimita 270. Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya ncha ya bomba la kichwa, tuseme 910. Toa, unabaki na 640. Hiyo ni staki. Kisha kutoka ukutani hadi pedaliye, na kutoka ukutani hadi ncha ileile ya bomba la kichwa. Toa tena, hiyo ni richi. Ukikosea milimita tano si msiba. Ukikosea ishirini, umenunua kadre nyingine.

ILUNGA: Na mrefu atafute ngapi?

NUMBI: Hapa ndipo nataka watu wasikilize. Kadre ya mashindano ya saizi 58 mara nyingi ina staki ya milimita 580 hadi 590. Kadre ya safari ndefu ya saizi 61 inafika 630, hata 650. Richi haibadiliki sana. Kwa mtengenezaji mmoja, ukipanda saizi moja, richi inaongezeka milimita tano hadi kumi, wakati staki inaruka ishirini na zaidi. Kwa hiyo mrefu anayenunua kadre ndogo hapotezi sana mbele. Anapoteza juu. Na juu ndiko kugumu kurekebisha.

ILUNGA: Fundi atasema ongeza rondele, zile pete, chini ya potansi, kile kipande kinachoshika gidoni.

NUMBI: Ongeza, lakini zina mwisho. Furshe, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ikiwa ya kaboni, watengenezaji wengi wanaishia milimita 30 au 40 za rondele, kwa sababu bomba lake linapinda kila unapovuta gidoni, na kaboni haivunjiki kwa kukuonya. Tena bomba la kichwa limeinama nyuzi 73 hivi, kwa hiyo kila milimita kumi za rondele zinarudisha gidoni nyuma karibu milimita tatu. Unapata kimo, unapoteza urefu.

ILUNGA: Tumfanyie hesabu mtu wetu. Kiti kiko 83.

NUMBI: Sentimeta 83 kwa mwinamo wa nyuzi 73 ni kama 79 wima. Mpe kadre ya staki 590, rondele za milimita 30, potansi ya kawaida ya milimita 120. Gidoni inakaa sentimeta 67 na nusu hivi juu ya pedaliye. Tofauti na kiti ni sentimeta 12. Mpe staki 640, vifaa vilevile, tofauti inashuka hadi 7. Kijana anayenyoosha mgongo kila siku ataibeba hiyo 12. Mtu wa ofisini anayetoka Jumapili kwenda Likasi, kilometa 120 na malori ya madini yakimpita sikioni, lazima ainue shingo kuangalia barabara muda wote. Baada ya saa mbili shingo inakaza na vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Halafu analaumu kiti, ananunua kiti kipya.

ILUNGA: Na ile nguzo ya kiti iliyotolewa nje karibu yote?

NUMBI: Hiyo ndiyo inayonitia hofu sokoni. Nguzo ina alama ya mwisho. Alama ikionekana nje, usipande. Na hata kama haionekani, ncha ya chini ya nguzo lazima ipite chini ya pale bomba la juu linapoungana na bomba la kiti. Ikiishia juu ya kiungo hicho, uzito wote wa mtu unapinda kipande kidogo cha bomba, na kadre inapasuka hapo, hasa ya alumini. Kabla ya kununua, toa nguzo yote nje. Kama haitoki, imegandamana na kadre kwa kutu, na kuitoa ni kazi ya kulia. Kama inatoka, futa ncha ya bomba kwa kitambaa, tafuta ufa kwenye mkato wa kukazia. Pima kipenyo kwa kaliper: milimita 27.2 na 31.6 ni za kawaida, lakini kuna 26.4, 26.8, 27.0. Muuzaji aliyekaza nguzo kwa kipande cha bati la kopo ndani ya bomba, mshukuru na uende zako.

ILUNGA: Kuna jambo la watu warefu kukaa nyuma sana.

NUMBI: Ndiyo, na jedwali haliwaambii. Bomba la kiti limeinama, kwa hiyo kila sentimeta unayopandisha kiti kinarudi nyuma karibu milimita tatu. Kiti cha 83 kimerudi mbali kuliko cha 72. Lakini bomba za nyuma, zinazoshika gurudumu, zinabaki karibu urefu uleule kwa saizi zote, sentimeta 41 hivi. Matokeo yake mrefu anakaa juu ya gurudumu la nyuma kabisa: mlimani mbele panakuwa pepesi, na spoki za nyuma zinakatika. Tafuta bomba la kiti la nyuzi 73 au zaidi. Kwa kiti cha 83, nyuzi moja ni karibu sentimeta moja na nusu. Na gurudumu la nyuma liwe na spoki 32 au 36, mipira ya milimita 28 kama kadre inaruhusu. Zile za spoki 20 waachie wepesi.

ILUNGA: Na manivele, ile mikono inayoshika pedali?

NUMBI: Kadre za 58 kwenda juu zamani zilikuja na za milimita 175. Siku hizi hata mabingwa wanafupisha. Tadej Pogačar alikimbia na 165 mwaka 2024, na yeye si mrefu, ana kama mita 1.76. Kwangu, manivele si sababu ya kukataa kadre nzuri. Ila ukitoka 170 kwenda 175, shusha kiti milimita tano.

ILUNGA: Turudi kwa zile za chuma za zamani. Zinakuja nyingi kwa saizi kubwa, 62 na 64, na bei ni nzuri.

NUMBI: Na kwa mrefu zinaweza kuwa bahati, kwa sababu bomba la kichwa ni refu na potansi inapanda kwa kutelezea ndani. Hiyo nayo ina alama ya mwisho, usiipite. Lakini za Ufaransa, Peugeot au Motobécane za miaka ya 1970, nyingi zina vipimo vyake zenyewe. Potansi ni milimita 22.0 badala ya 22.2, kwa hiyo ya kawaida haiingii, na fundi akiipiga nyundo anapasua bomba la furshe. Vikombe vya pedaliye ni vya kipenyo cha milimita 35, meno ya skrubu yakiachana milimita 1, na kwa nyingi pande zote mbili zinakazwa kulia. Ukilazimisha cha Kiingereza, umeharibu kadre. Kama pedaliye ni nzima, nunua. Kama imekufa, hesabu kwanza utapata wapi vikombe.

ILUNGA: Watu wanasema kadre kubwa za chuma zinatetemeka kwenye mteremko.

NUMBI: Baadhi. Mabomba membamba na marefu, mtu mzito juu, mwendo mkali: gidoni inaanza kucheza kushoto na kulia yenyewe. Usiibane kwa mikono, inazidi. Bana bomba la juu kwa goti, nyanyua uzito kidogo kutoka kwenye kiti, funga breki polepole. Nyumbani angalia rulemani, yaani beringi, za bomba la kichwa na kama gurudumu la mbele limenyooka. Ikiendelea, hiyo kadre si ya mteremko.

ILUNGA: La mwisho. Gurudumu limevunjika, mtu anataka kutia la zile kinga za makala, baiskeli za kubebea mkaa, yanayoandikwa 28.

NUMBI: Hapana. Rimu nyingi za hizo ni milimita 635 kipenyo, za mbio ni 622. Ni karibu milimita saba kila upande, raba za breki zitaangukia chini ya rimu, upande wa spoki, au gurudumu halitaingia kabisa. Soma ubavuni mwa mpira kabla ya kulipa: 622 imeandikwa hapo.