Kitambaa cha Mama

KASSIM: Karibuni tena. Zuhura, umeingia studio na sura ya Jumanne.

ZUHURA: Ya Jumanne kabisa. Mnamjua mama yangu wa Tanga, yule wa mikate ya kumimina. Jumanne saa tatu usiku anaongea kwa video na kaka yangu aliyeko Muscat, picha ikaanza kukwama. Kazi ya kuangalia ruta ya pale nilishaikabidhi kwa wakala wa akili mnemba, na ruhusa nilimpa: mtandao ukizorota, zima, washa.

KASSIM: Akazima.

ZUHURA: Akazima. Ruta imechomekwa kwenye ile plagi ya Wi-Fi unayoiamuru ukiwa popote. Amri ya kuzima ikafika. Ya kuwasha haikufika, maana plagi nayo inapata intaneti kwa ruta hiyo hiyo.

KASSIM: Kajifungia nje, funguo ziko ndani.

ZUHURA: Mpaka asubuhi, kijana wa jirani alipokwenda kubonyeza swichi kwa kidole.

KASSIM: Hata Facebook yaliwakuta, tarehe 4 Oktoba 2021. Amri moja wakati wa matengenezo ikakata vituo vyao vya data, na mafundi walipotaka kurekebisha kwa mbali wakakuta njia ya kuingilia nayo imekufa. Kwa muda wa karibu saa sita, dunia nzima inasubiri. Sasa, leo tuna masomo matatu. La kwanza...

ZUHURA: Ngoja kwanza. Yule kijana alinitumia picha. Ruta imevishwa kitambaa.

KASSIM: Kitambaa gani?

ZUHURA: Cha kufuma. Cheupe, ua katikati. Kimefunika mpaka matundu ya hewa.

KASSIM: Kwetu redio ilikuwa nacho! Na televisheni, na friji.

ZUHURA: Na simu ya mezani. Mama kafuma vyote kwa mkono wake. Nikampigia: mama, kitoe, kitu kinapumua kile. Akaniambia, "Mwanangu, mgeni akiingia aone chombo kiko uchi?"

KASSIM: Ana hoja!

ZUHURA: Kassim, joto la Tanga unalijua. Nikafungua kumbukumbu za wakala: wiki mbili kabla ya kujaribu plagi Jumanne, kaizima na kuiwasha mara 11 kwa amri ya ruta yenyewe, karibu zote usiku, na kila mara kaandika "imefanikiwa". Ruta ikizimwa inapoa kidogo, mtandao unarudi, mimi nafurahi. Kitambaa kiko pale pale.

KASSIM: Hapo ndipo ninaposema asizime bila kumuuliza mama. Wakala anaona namba za kasi tu. Haoni kwamba mtu anaongea na mwanawe.

ZUHURA: Amuulize kwa njia gani, na mtandao umekufa?

KASSIM: Jumanne haukufa, ulikwama. Na kuna ujumbe mfupi wa kawaida.

ZUHURA: Bila miwani hasomi. Soketi iko nyuma ya kabati, goti linamuuma. Nilimweka wakala ili mama asiulizwe kitu, apumzike.

KASSIM: Nyumba ni yake, dada. Angesema "subiri niagane na mwanangu". Dakika mbili tu.

ZUHURA: Na usiku akiwa amelala? Akizidiwa, mtandao umekufa, atatupigiaje?

KASSIM: Akilala, sawa, izime. Akiwa macho, aulizwe.

ZUHURA: Wakala atajuaje kama yuko macho? Umweke na kamera sebuleni?

KASSIM: Kamera hapana. Lakini bado nasema aulizwe.

ZUHURA: Na mimi bado nasema asisumbuliwe. Jumatano nimeipanga plagi upya: ikipokea amri inazima sekunde 30, kisha inajiwasha yenyewe, hesabu iko ndani yake. Inatosha.

KASSIM: Hainitoshi mimi. Simu ya mama ingekatika vile vile.

ZUHURA: Ingerudi.

KASSIM: Tumebakiwa na dakika moja, na somo hata moja hatujafika. La tatu nililitaka sana, la nywila za kiwandani, zile zilizowafungulia mlango wenye Mirai, ile programu hasidi iliyoteka vifaa vya mtandaoni mwaka 2016. Ruta ya mama ina nywila gani?

ZUHURA: Ile iliyokuja nayo.

KASSIM: Zuhura!

ZUHURA: Naibadilisha leo. Ila kitambaa je?

KASSIM: Mama amesemaje?

ZUHURA: Anafuma kingine. Chenye matundu makubwa.