Kuona Majina ya Mafaili Si Kupima Draivu

Ndugu zangu, nianze na lile ninalolirudia kila ninapopewa nafasi ya kusema. Mtu akitia diski kwenye draivu ya DVD, akaona majina ya mafaili yamejitokeza kwenye skrini, bado hajapima chochote. Draivu za namna hiyo hupitishwa kuwa nzima, zikafungwa kwenye kompyuta za watu, kisha zikakwama kazi ikiwa nusu. Tuache mtindo huu.

Sababu iko kwenye diski yenyewe. Data ya DVD huanzia ndani ikaelekea nje, tangu kama milimita 24 kutoka kitovuni hadi karibu milimita 58. Orodha ya mafaili hukaa mwanzoni, huku ndani, na leza huisoma kwa sekunde chache tu. Aliyesoma ukurasa wa yaliyomo hajasoma kitabu. Ugumu uko ukingoni. Diski iliyopinda hata kidogo, huko ndiko inakopanda na kushuka zaidi, na lenzi lazima iifuate. Data nayo hupita mbele ya lenzi kwa kasi kubwa kuliko ndani. Tena kichwa cha leza hakina budi kusafiri juu ya reli zake hadi mwisho, na grisi ya reli ikishakauka kinashindwa kufika. Draivu hiyo itakuonyesha mafaili yote, halafu itakwama kwenye yale ya mwisho.

Basi kipimo ni hiki. Chukua DVD ya tabaka moja iliyojaa. Kwenye kasha imeandikwa GB 4.7, Windows itakuonyesha 4.38, msihangaike, ni ukubwa uleule uliohesabiwa kwa njia mbili. Nakili kila kilichomo kwenye diski kuu. Wenye Linux hawahitaji hata kunakili, amri moja inasoma diski nzima:

dd if=/dev/sr0 of=/dev/null bs=2048 status=progress

Sasa tazameni kasi. 1x ya DVD, yaani kasi yake ya msingi, ni takriban MB 1.385 kwa sekunde. Draivu iliyoandikwa 16x haianzi na 16x: huanza kwenye 6x au 7x, yaani kama MB 9, ikapanda taratibu hadi kukaribia MB 22 ukingoni. Diski za kuchoma, yaani zilizoandikwa kwa kompyuta badala ya kiwandani, husomwa na draivu nyingi kwa kasi ndogo zaidi, na hilo si ugonjwa. Tunachotafuta ni mwendo usiokatika. Kasi ikianguka ghafla, mkasikia mota inapunguza mzunguko, inaongeza, inapunguza tena, jueni draivu inarudia kusoma sehemu ileile. Hapo msiihukumu kabla ya kubadilisha diski, maana diski yenye mikwaruzo huleta dalili hizohizo. Diski 3 safi zikikwama zote kuelekea ukingoni, mwenye kosa ni draivu.

Kuna atakayesema hana muda. Muda gani? Draivu nzima kwa kawaida humaliza diski hiyo kabla ya robo saa, na wewe unaendelea na mambo yako. Mwingine atauliza nani bado anatumia DVD. Wanatumia wote waliohifadhi picha na nyaraka zao humo na hawana nakala nyingine. Hao wanastahili draivu inayosoma hadi mwisho.

Jambo la pili ni aina ya diski. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa ya nanomita 650. Ni leza mbili, na moja inaweza kufa nyingine ikabaki hai. Kwa hiyo mtu akiniambia "mbona inasoma CD," hajaniambia lolote kuhusu DVD. Pimeni kwa CD ya kiwandani, CD ya kuchomwa, DVD ya kiwandani na DVD ya kuchomwa. Mkiwa na RW, yaani diski inayofutika na kuandikwa tena, itieni mwisho: huakisi mwanga kidogo, kwa hiyo leza iliyochoka hushindwa nayo mapema.

Na kama draivu haionekani kabisa? Ingieni BIOS, ile programu ya ubao mama inayoamka kabla ya Windows, kabla ya kugusa Windows yenyewe. Isipokuwemo humo, zima kompyuta, chomoa umeme, kisha kagua plagi za SATA zinazounganisha draivu na kompyuta: ya data ina pini 7, ya umeme ina 15. Badilisha waya wa data, jaribu tundu jingine la ubao mama. Ikiwa BIOS inaiona na Windows haiioni, usinunue draivu nyingine. Mara nyingi ni maingizo ya UpperFilters na LowerFilters kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), yaliyoachwa na programu za kuchoma diski, chini ya ufunguo unaoanza na 4D36E965. Hifadhi nakala ya ufunguo huo, futa maingizo hayo mawili tu, washa upya.

Trei isipotoka, zima kompyuta, sukuma kibanio cha karatasi kilichonyooshwa kwenye kile kitundu cha mbele. Ikitoka kwa mkono na kukataa kwa kitufe, angalia mkanda wa mpira, ukilegea huteleza.

Muda unanibana, nayapitia mengine haraka. Kuchoma hutaka leza yenye nguvu kuliko kusoma, kwa hiyo draivu inayosoma vizuri inaweza kushindwa kuandika. Choma diski 1 iliyojaa, iache programu iihakiki, kisha isome kwenye draivu nyingine. Filamu isipocheza, kumbukeni Windows tangu toleo la 8 haiji na uwezo wa kucheza DVD za filamu. Jaribuni programu ya VLC kabla ya kuilaumu draivu. Na msimbo wa eneo, ile alama inayofunga DVD za filamu kwa sehemu fulani ya dunia, hubadilishwa mara 5 tu, baada ya hapo draivu inajifunga kwenye eneo la mwisho. Mnapopima, kila diski inayowaomba mbadilishe eneo, kataeni.