Skii Zitangulie au Twende Nazo?

ZUHURA: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Zuhura, na hapa niko na Baraka, ambaye leo kaingia studio kashika bega.

BARAKA: Acha tu, dada. Treni mbili, basi moja, na begi la sentimita 190 begani, lenye skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Kwenye ngazi za stesheni nimegonga watu wawili, na mmoja wao nimemgonga mara mbili.

ZUHURA: Mara mbili vipi?

BARAKA: Nilimpata kwa ncha ya mbele, nikageuka kumwomba radhi, nikampata kwa ya nyuma.

ZUHURA: (anacheka) Si nilikwambia uzitume mapema, uzikute hotelini?

BARAKA: Uliniambia. Ila begi likiwa sebuleni lilionekana jepesi. Na rafiki yangu niliyesafiri naye, ambaye alikodi kila kitu kule kule, mpaka leo anasema halikuwa zito. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

ZUHURA: Haya, tuanzie kwenye ndege. Mashirika mengi yanahesabu begi la skii kama moja ya mabegi yako ya kawaida, na mengine yanakuruhusu begi la skii na la viatu vya skii yahesabiwe kama mzigo mmoja. Mengine yanatoza kila kitu peke yake. Kwa hiyo soma masharti ya shirika lako, usisikilize ya rafiki aliyepanda shirika jingine.

BARAKA: Na uzito?

ZUHURA: Daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 23 kwa begi. Ukizidisha unalipia, na ukipita 32 wengi hawalipokei kabisa, hata uwe tayari kulipa, maana kuna mtu atalinyanyua kwa mikono.

BARAKA: Langu lilikuwa na kilo tisa. Ndiyo maana bei ya kulituma ilinishangaza. Kilo tisa, jamani!

ZUHURA: Ehe, hapo ndipo wengi wanapoteleza kabla hata ya kufika kwenye theluji. Kampuni za vifurushi haziangalii mzani peke yake, zinaangalia na nafasi. Toa simu yako, piga hesabu. Urefu mara upana mara kimo, vyote kwa sentimita.

BARAKA: 190 mara 30 mara 20... 114,000.

ZUHURA: Gawanya kwa 5,000. Kampuni nyingi zinatumia hiyo, ingawa si zote.

BARAKA: 22.8. Khaa! Yaani nalipia karibu kilo 23?

ZUHURA: Tisa zako, zilizobaki hewa.

BARAKA: Nasafirisha hewa kwa bei ya skii.

ZUHURA: Kwa hiyo ukiamua kutuma, lijaze. Jaketi, suruali, soksi nzito, zungushia kwenye ncha na kwenye vishikizo, pale kiatu kinapobanwa kwenye skii. Nafasi umeshailipia, na zile nguo zinazuia makali ya chuma yasilitoboe begi. Ndege ni kinyume chake. Kule unahesabiwa kilo, ukijaza nguo unajichongea. Au tafuta kampuni yenye bei maalumu ya begi la skii, isiyogusa hesabu hii kabisa.

BARAKA: Nasikia Japani hawabebi kabisa.

ZUHURA: Japani ni desturi ya siku nyingi. Kampuni ya Yamato ilianzisha huduma ya kupeleka skii mwaka 1983. Unakabidhi begi, unapanda treni na mkoba wako mdogo, unalikuta mlimani. Lakini angalia, hiyo ni ndani ya nchi moja. Hakuna forodha njiani.

BARAKA: Mpakani inakuwaje? Maana mimi nikipita nazo mkononi hakuna anayeniuliza.

ZUHURA: Kwa sababu uko nazo. Ni vitu vyako, vimechakaa, na mwenyewe umesimama hapo. Begi likisafiri peke yake linakuwa bidhaa mpaka karatasi ziseme vingine. Andika wazi kwamba ni vifaa vya michezo vilivyotumika, mali binafsi, na vitarudi. Na kuna mtego mwingine. Thamani unayoandika ili ulipwe bima ndiyo hiyo hiyo anayoisoma ofisa wa forodha. Ukiipandisha, anakutazama kama mfanyabiashara. Ukiishusha, begi likipotea unalipwa kiduchu.

BARAKA: Kwa hiyo?

ZUHURA: Kwa hiyo unaandika ukweli na kuongeza siku. Mimi kuvuka mpaka situmi, labda nikae mwezi mzima. Ndani ya nchi, na safari ina kubadilisha vyombo mara mbili au tatu, natuma bila kufikiri.

BARAKA: Mimi nina moja ambalo sitabishana na mtu. Viatu havitumwi, na havikai kwenye begi la chini ya ndege. Napanda navyo juu.

ZUHURA: Hapo umeumwa na nyoka wewe.

BARAKA: Nimeumwa. Miaka mitatu iliyopita begi langu lilichelewa siku mbili, viatu vikiwa ndani. Skii za kukodi nilipata kwa dakika kumi, nzuri kuliko zangu, niseme kweli. Lakini viatu! Vyangu bitana yake ilipashwa moto dukani ikachukua umbo la mguu wangu, pamoja na lile nundu la kifundo. Vile vya kukodi vilikuwa na umbo la watu mia waliotangulia. Siku ya kwanza saa nane mchana kucha la kidole gumba lilikuwa jeusi. Siku ya pili nilishinda dirishani nikitazama wenzangu.

ZUHURA: Pole. Na ukiwa na viatu vyako, fundi wa kukodisha ana kazi ndogo. Anasoma urefu wa soli kwa milimita, umeandikwa ubavuni karibu na kisigino.

BARAKA: Vyangu 305.

ZUHURA: Anachukua huo, na uzito wako, kimo, umri, na jinsi unavyoteleza, anakaza kishikizo ili kikuachie ukianguka. Ila usidanganye uhodari.

BARAKA: Kaka mmoja nilimsikia akijiita hodari kaunta, halafu anauliza lifti ya mlimani inapandwaje. Lakini dada, viatu ni kama kilo nne, na mashirika mengine mzigo wa mkononi ni kilo saba tu.

ZUHURA: Basi hapo tena, uliza shirika lako kabla. Jaketi livae. Fimbo za skii zisiguse mzigo wa mkononi, utanyang'anywa kwenye ukaguzi. Na glavu au soksi za kupasha joto, betri zake za akiba za lithiamu hazikai kwenye begi la chini, unaingia nazo ndani. Mkoba wa maporomoko ya theluji, ule unaojaa hewa kukuokoa theluji ikiporomoka, wenye mtungi wa gesi, ndio usiseme. Ndege inataka idhini ya shirika, na kampuni ya vifurushi itauona kama bidhaa hatari.

BARAKA: Begi likipotea je?

ZUHURA: Ndege za kimataifa kuna Mkataba wa Montreal. Uharibifu unaripoti kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee begi, ucheleweshwaji ndani ya siku 21. Kampuni ya vifurushi inafuata mkataba wenu na thamani uliyoandika. Piga picha kabla ya kufunga zipu, basi.

BARAKA: Na litumwe siku ngapi kabla?

ZUHURA: Lifike siku mbili tatu kabla yako. Hesabu siku za kazi, Jumapili gari halipandi mlima, na dhoruba ikifunga barabara halipandi hata Jumatatu. Halafu kwenye lebo andika jina lililoshika chumba, na tarehe ya kufika. Mimi niliandika jina langu, chumba kilikuwa kwa jina la mume wangu. Begi lilishinda stoo, mimi nimelala ghorofa ya pili juu yake, nampigia simu dereva namlaumu.

BARAKA: (anacheka) Maskini dereva.

ZUHURA: Nilimwomba radhi. Kurudi sasa, ndiko natuma kila mara. Nani ana haraka na skii za kurudi? Unachagua huduma ya polepole, ya bei ya chini. Ila zikaushe kwanza. Ukizifunga mbichi wiki nzima, makali yanaota kutu.

BARAKA: Basi mwezi ujao nina safari ya ndani, kubadilisha treni mara tatu. Zitatangulia, zimevikwa nguo zangu zote. Viatu mgongoni.

ZUHURA: Na lile begi la leo liko wapi?

BARAKA: Chini, kwa mlinzi. Halikuingia kwenye lifti.