Kabla ya Kumtega Kanu: Mazungumzo na Wenye Nyumba wa Diani na Ukunda

Wazee wa mtaa, akina mama wa vikundi, wenye nyumba za kupangisha, na nyinyi vijana mnaolinda nyumba za watu huko ufuoni, hamjambo. Ahsanteni kwa kunialika. Nimeambiwa nizungumze kuhusu mitego, na kizimba nimekuja nacho, kiko hapo mezani. Mkikishika chungeni vidole, mlango wake una springi kali. Ila niseme mapema: wengi wanaoniita niwategee mnyama, namuita fundi seremala kabla sijatega chochote, na mara nyingi kazi inaishia kwa fundi.

Sheria nitaipita haraka, kwa sababu haina mzunguko. Tuna Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Huruhusiwi kumnasa, kumuua wala kumfuga mnyamapori bila idhini, na kanu wa darini kwako, yule mnyama mdogo mwembamba wa usiku anayefanana na paka, ni mnyamapori sawa na ndovu wa hifadhi ya Shimba Hills kule Kwale. Kwa hiyo fika kwanza ofisi ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ueleze shida yako, wakupe ruhusa au waje wenyewe. Kitanzi cha waya, mtego wa meno ya chuma na sumu msiniulize kabisa. Hata visingekuwa kosa nisingewafundisha.

Sasa tuje kwa kuku, maana najua ndiyo yaliyowaleta wengi.

Kuku watatu wamekufa usiku. Banda lilifungwa na kufuli iko palepale. Jirani wa kwanza anasema kicheche, wa pili anasema nyoka, wa tatu ananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mimi huuliza jambo moja: maiti za kuku ziliachwaje? Kanu mara nyingi hula kichwa na shingo, labda na kifua kidogo, akaacha kilichobaki. Nyegere hatafuti tundu, yeye huvunja, utakuta mbao zimeng'olewa. Mayai yakipotea saa nane mchana usimsingizie kanu, saa hizo amelala. Mtafute nguchiro au kenge, hao ndio wa mchana.

Ukiwa bado na shaka, magharibi ikiingia chekecha majivu uyamwage mlangoni mwa banda na chini ya kila ufa, tabaka jembamba tu. Asubuhi kabla hujawafungulia kuku, chutama usome. Nyayo za kanu ni ndogo na za mviringo, kama za paka, na kucha kwa kawaida hazionekani. Za nguchiro utaona kucha zimechora mbele ya vidole. Kisha chukua tochi, hata kama jua limewaka, uipitishe polepole kwenye wavu wote na kwenye pembe za mabati. Mahali alipopenya huacha unywele umenasa kwenye ncha ya waya, na kwenye mbao utaona palipong'aa kwa kupitwa kila siku. Mwenye banda huniambia, "Hapo hapiti mtu." Kweli, mtu hapiti. Kanu ni mwembamba mno. Pale kichwa chake kilipopita, mwili utafuata.

Hapo ndipo ninapomuita fundi. Ule wavu wa kuku wa matundu ya pembe sita ulitengenezwa kumzuia kuku asitoke, haukutengenezwa kumzuia mnyama asiingie. Nunueni wavu mgumu, ule uliochomelewa, matundu yasizidi inchi moja. Uzikeni ardhini futi moja kisha muupinde kuelekea nje, ili anayechimba akutane nao. Pembe zote za paa zifungwe. Na wale ambao kuku wenu hulala mwembeni, pole zenu, kwa sababu kanu anapanda mti kuliko nyinyi. Kuku wakilala ndani ya banda lililozibwa, kanu atakuja siku mbili tatu, atazunguka, ataondoka kutafuta panya. Na panya wenyewe mnawahitaji wapungue.

Mtego unakuja lini basi? Unapokuwa na mnyama aliyekwisha ingia na hatoki, au aliyekwisha zoea darini. Hapo kizimba kina kazi. Kiwe kirefu, karibu mita moja, ili mlango usimpige mgongo. Chambo, yai au vichwa vya dagaa, kiwekwe nyuma kabisa, ng'ambo ya kile kibati anachokanyaga mlango ukajifunga. Usiku wa kwanza na wa pili, funga mlango kwa kamba ubaki wazi, ale aondoke zake. Akishazoea, ndipo unatega. Kifunike kwa gunia kuacha mdomo tu, maana mnyama aliye gizani hutulia, na asiyetulia huvunja meno kwa kuuma waya.

Kuna jambo moja watu husahau, nalo ndilo linalonikera zaidi: siafu. Mnyama akiwa huru huwakimbia. Akiwa kizimbani hana pa kwenda. Watakuja saa tisa za usiku, na asubuhi utakuta kitu ambacho hutaki watoto wako wakione. Kwa hiyo kagueni ardhi jioni, zungushieni majivu mengi, na msitege kabisa usiku wa kufuatia mvua kubwa kama njia za siafu zimeonekana uwanjani. Asiyeweza kuamka alfajiri kukagua, asitege. Na jua la hapa mnalijua. Kizimba kilichosahauliwa juani hadi saa nne asubuhi ni oveni.

Akinaswa, mwangalieni tumbo kabla ya lolote. Akiwa na chuchu zilizovutwa, zenye maziwa, ana watoto, na watoto wako karibu, pengine juu ya vichwa vyenu. Mfungulieni palepale, msubiri wiki kadhaa hadi watoto watoke naye.

(Sauti kutoka ukumbini: "Si tumpeleke tu Shimba Hills, akapate raha?")

Nilijua mtasema hivyo. Kila mahali nasikia hivyo, na inasemwa kwa moyo mwema. Lakini huko msituni hakuna nafasi iliyoachwa inamsubiri. Kila kipande kina mwenyewe. Mgeni hajui maji yako wapi, hajui tundu la kujificha, na wenyeji wanamfukuza. Huko Maryland, Marekani, watafiti waliwahamisha kuchakulo 38 kutoka mitaani kwa watu kwenda msitu mkubwa, kila mmoja akiwa na kifaa cha kumfuatilia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: asilimia 97 walikufa au walitoweka msituni humo muda si mrefu. Na wakati huo tundu la darini kwako liko wazi, kwa hiyo kanu wa pili anahamia.

Mtaniambia kuhamisha kunawezekana, mbona KWS hufanya. Ndiyo, kunawezekana, na mfano mzuri uko hapahapa Kenya. Kule Kekopey, karibu na Gilgil, ranchi kubwa ya ng'ombe iligawiwa wakulima wadogo, na nyani waliokuwa wakila nyasi wakajikuta wamezungukwa na mahindi. Mtafiti Shirley Strum alikuwa akiwafuata nyani wale tangu mwaka 1972. Mwaka 1984 makundi matatu yalihamishwa hadi Laikipia, wakubwa kwa wadogo, na watafiti wakaendelea kuwafuata kwa miaka mingi kuona kama watajua kula mimea ya huko. Walijua. Lakini pimeni ile kazi yote, halafu mumtazame mwenye pikipiki na gunia anayeelekea Kwale saa moja usiku. Hayo si mambo mamoja.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: tundu likishazibwa, mnyama afunguliwe karibu, kwenye eneo lake analolijua, jioni akiwa wa usiku. Na KWS wakiamua vingine, hilo ni lao.

Popo. Hapa sitaki kuona kizimba wala fimbo. Wale wadogo wanaolala chini ya mabati, kwenye joto ambalo sisi lingetuua, hula wadudu usiku kucha. Kinachotuudhi ni harufu na mavi yanayodondoka darini. Njia yake ni rahisi kuliko ya kanu. Kaa nje jua linapozama, kiti kikitazama paa, uone wanatoka wapi. Mara nyingi ni sehemu moja au mbili, ufa wa upana wa kidole. Ziba nyufa nyingine zote. Kwenye ile wanayotumia, funga chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, mdomo ukielekea chini na uwe mpana wa kuwatosha. Popo atateleza atoke, lakini kurudi hawezi, plastiki haina pa kushika. Iache wiki nzima, kisha uitoe na uzibe. Kabla ya hapo hakikisheni hamna watoto: panda darini mchana, utege sikio na kumulika. Ukiwaona vichanga wasio na manyoya, subiri. Ukifunga mama nje, watoto watafia ndani, na harufu hiyo utaishi nayo.

Mavi ya popo makavu yasifagiliwe. Yarushieni maji kwanza, mvae barakoa, kwa sababu vumbi lake linaweza kuwa na ukungu unaoshambulia mapafu. Na popo asishikwe kwa mkono mtupu. Hapa pwani kwetu, mwaka 2009, popo aliyekutwa amekufa pangoni alipatikana na kirusi cha ukoo mmoja na kile cha kichaa cha mbwa, kikaitwa kirusi cha Shimoni. Sisemi mwogope kila kinachopaa. Nasema vaeni glavu za ngozi. Na mtu akiumwa na mnyama yeyote, popo, kanu, nguchiro, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaeleze. Asisubiri kuona kama litavimba.

Sumu ya panya niitaje kwa ufupi. Nyingi kati ya hizo haziui papo hapo, panya hutembea siku kadhaa akiwa amelegea, na bundi humchukua kirahisi, au kanu, au paka wa jirani. Halafu mnashangaa panya wameongezeka.

Tumbili na kima wa Diani siwategi, na sitamshauri yeyote awatege. Ukimtoa mmoja kundi linabaki, na likibaki na kichanga kisicho na mama, kesho yake kimefungwa kamba kwenye baraza ya mtu. Kinachowaleta ni pipa lisilo na kifuniko na mgeni anayetupa ndizi kutoka rosheni. Fungeni pipa kwa kulabu, wekeni nyavu madirishani, kateni matawi yaliyolala juu ya paa. Na mbega, yule mweusi mwenye mabega meupe, mwacheni kabisa. Anakula majani. Kila mkate ukipotea jikoni anatajwa yeye, na hajawahi kuutaka.

Nachukua maswali. Ndiyo, mzee.

(Swali: "Nyumba ni yangu, lakini nimeipangisha. Popo wameingia mpangaji akiwa ndani. Fundi alipwe na nani?")

Mzee wangu, nilifikiri utaniuliza kuhusu popo! Paa ni lako, na ule ufa ulikuwepo kabla mpangaji hajaleta godoro. Lipa wewe. Yeye mwambie akae nje magharibi akuonyeshe wanapotokea, hiyo atafanya bure. Na mwezi huu usimpandishie kodi.